Hatua za Baba na Ufunguo Mdogo

Kabla sijajua jina la noti hata moja, nilijua mlio wa akala za baba. Alizinunua sokoni Kariokor, zimekatwa kwenye tairi la lori, nzito, na kila alfajiri saa kumi na moja zilipiga saruji ya ua wetu mtaani Mowlem, Nairobi, pa, pa, pa, pa, bila kusita hata kidogo. Juu ya mlio huo kulikuwa na mwingine mwembamba, wa ufunguo mdogo uliofungwa kwa kamba ya kiatu kwenye mshipi wake, ukigonga mkebe wa chakula aliobeba. Ufunguo ulikuwa wa kabati lake kiwandani, mlimokaa ovaroli na buti zake za kazi. Baba alitengeneza misumari. Lango la kiwanda lilifungwa saa moja kamili, na aliyefika dakika moja baadaye alirudishwa nyumbani kama mgeni asiyealikwa, kwa hiyo baba hakutembea kama watu wanavyotembea wakitoka kanisani. Alitembea kama mtu aliyeitwa. Mimi nililala chumba cha mbele, kwenye godoro la sakafuni, kichwa karibu na mlango, na nilizihesabu hatua zile tangu utotoni mpaka zilipomezwa na kokoto za barabarani. Kisha ilibaki harufu ya moshi wa jaa la Dandora ikiingia chini ya mlango, na mimi nikarudi kulala.

Msimu ninaousimulia ni ule mfupi kati ya mtihani wa darasa la nane na kufunguliwa kwa kidato cha kwanza, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wenzangu walikuwa wamepelekwa mashambani kwa nyanya zao kula mahindi ya kuchoma na kunenepa. Mimi nilibaki Nairobi kwa sababu ya tarumbeta. Baba alikuwa amepuliza tarumbeta katika bendi ya kanisa tangu ujana wake Bungoma, na aliponiona nikiwa na miaka minane nikilipuliza kwa siri nyuma ya pazia, badala ya kunichapa alinionyesha namna ya kukaza midomo. Sasa ilisikika kwamba shule moja ya wasichana nje ya mji ilikuwa na nafasi moja tu, moja kwa nchi nzima, kwa msichana anayeweza kupiga ala. Atakayeipata angesomeshwa bure miaka minne. Nikiikosa, ningepelekwa kwa shangazi yangu Webuye nikamsaidie kuuza dukani, kwa kuwa mshahara wa misumari haukufika kidato cha kwanza. Hakuna aliyenificha jambo hilo. Shangazi alishaandika barua kuuliza kama najua kupima sukari.

Karatasi ya shule ilisema kila msichana apige sehemu ya kati ya konseto, kisha aulizwe mambo matatu juu yake: kasi, ufunguo na hisia. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Maneno haya ya Kiswahili aliyatoa Mwalimu Mutua, karani wa ofisi moja mjini na mpiga kinanda wa kanisa letu, Mkamba aliyependa Kiswahili sanifu kuwapita hata watu wa Pwani. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba konseto ni mazungumzo ya mtu mmoja na umati: ala moja mbele, okestra nzima nyuma, wakijibizana. Sehemu ya kwanza huenda mbio, ya mwisho huenda mbio, na ya kati huenda polepole. Niliuliza kwa nini shule haikutaka zile za mbio, ambazo ningewaonyesha vidole vyangu. "Nekesa," akasema, "kwenye mbio mtu anaweza kujificha. Polepole hakuna pa kujificha." Okestra yetu ilikuwa yeye peke yake na kile kinanda cha kupampu kwa miguu katika ukumbi wa kanisa, Kariobangi, pua na mdomo na mafundi wa jua kali. Tulipoanza tu, upande wa pili wa ukuta mtu alianza kunyoosha bati, na nyundo yake haikuwa na habari na konseto.

Aliandika maneno yale matatu ubaoni, moja chini ya jingine. Mbele ya kasi akaandika neno la Kitaliano, andante, akasema maana yake ni mwendo wa kutembea. Mbele ya ufunguo akaandika mdogo. Sisi wa kanisani tuliimba kwa do re mi, hivyo akanieleza kwa lugha hiyo: wimbo wa ufunguo mkubwa, nyumbani kwake ni do, huzunguka kote lakini mwishowe hurudi kwa do na kupumzika. Wimbo wa ufunguo mdogo nyumbani kwake ni la. Nilicheka, nikamwambia basi huu wetu unarudi nyumbani unabisha hodi, unaambiwa la. Mwalimu Mutua hakucheka. Akasema nisilisahau hilo. Jioni niliposimulia nyumbani, mama aliacha kukoroga ugali akauliza, "Ufunguo mdogo? Si ni kama huo wa Baba Nekesa wa kabati?" Baba akaufungua kutoka kwenye mshipi akanipa mezani kwa taadhima, eti nikafungue konseto, kisha akaufunga tena mahali pake. Tulicheka sana siku ile. Naikumbuka kwa sababu ilikuwa ya mwisho kwa muda mrefu.

Taabu yangu ilikuwa kasi. Mwendo wa kutembea! Nilidhani hilo ndilo jambo pekee duniani nililolijua bila kufundishwa. Hatukuwa na ile mashine ya kupimia mapigo, kwa hiyo kila alfajiri nilimsikiliza baba akitoka, nikaziweka hatua zake kwenye kidole, nikabaki nikigonga godoro mpaka kukapambazuka. Nilipofika Kariobangi nikapuliza hivyo hivyo, pa, pa, pa, pa, na Mwalimu Mutua akaacha kupampu. Akasema ninakimbia. Nikamwambia sikimbii, ni mwendo wa kutembea, baba yangu anatembea hivyo. "Baba yako hatembei," akasema. "Baba yako anawahi lango." Akanieleza kwamba marehemu babake alichonga twiga wa mbao kule Wamunyu, na ukimkimbizia twiga patasi unamkata shingo. Jumapili baada ya ibada walikutana, yeye na baba, wakarushiana methali nami nimesimama katikati nimeshika tarumbeta. Mwalimu alisema haraka haraka haina baraka. Baba akajibu, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. "Mwalimu, nakuheshimu," akaongeza, "lakini huyu mtoto usimfunze kutembea kama karani. Sisi tukitembea hivyo watoto watalala njaa." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilijua mwalimu alisema kweli na sikuweza kuibadilisha kasi yangu. Akinipigia mapigo kwa mkono nilipunguza. Akiushusha tu, miguu ya baba ilirudi kichwani mwangu na kunivuta. Zilibaki wiki sita.

Halafu Jumatatu moja ya mwanzo wa Desemba niliamka kama kawaida kuhesabu, na hesabu ikakataa. Mvua ilikuwa imenyesha, kwa hiyo mwanzoni nilidhani ni matope. Lakini saruji ya ua haina matope. Pa. Pa. Pa. Hatua zilikuwa pana, zimelegea, kati ya moja na nyingine mtu angeweza kuvuta pumzi na kuitoa. Na ufunguo haukulia. Nilijiinua juu ya kiwiko nikasikiliza tena mpaka alipofika barabarani. Mkebe ulikuwapo, niliusikia ukigonga goti lake, lakini ule mlio mwembamba wa chuma haukuwapo. Asubuhi nilimuuliza mama kama baba ni mgonjwa. Akasema mgonjwa gani, amekula ugali wa jana wote. Jumanne ikawa vile vile. Jumatano nilimtazama aliporudi jioni, akivua shati: mshipi ulikuwa na kile kipande cha kamba ya kiatu, na mwisho wa kamba hakukuwa na kitu. Sikuhitaji kuambiwa. Mwaka ule watu walikuwa wakipunguzwa kazini kila upande, ua wetu pekee ulikuwa na wawili, na nilijua mtu akipunguzwa hurudisha nini.

Alhamisi nilimfuata. Nilimwambia mama naenda kuchukua maziwa. Kulikuwa bado na giza la kijivu, na barabara ilikuwa imejaa watu wanaokwenda viwandani kwa miguu kama ilivyokuwa kila alfajiri, mamia, kimya, makoti na mikebe, wote kwa ule mwendo nilioujua. Baba alikuwa katikati yao, na wote walikuwa wakimpita. Walimpita kulia na kushoto, wengine wakimsalimia bila kugeuka, naye akiitikia, "Niko poa, tangulieni." Kwenye njia panda umati wote uligeuka kushoto, upande wa viwandani. Baba alisimama kana kwamba amesahau kitu, akaacha wa mwisho wapite, kisha akageuka kulia, peke yake, upande wa Kariobangi. Nilisimama nyuma ya kibanda cha mboga nikiwa nimekumbatia chupa tupu ya maziwa. Nililia kidogo, si sana, kwa sababu kidole changu kilikuwa kikifanya kitu cha aibu: kilikuwa kikigonga ile chupa. Kilikuwa kikihesabu hatua zake. Andante ilikuwa ile pale, mbele yangu, inatembea.

Siku hiyo Kariobangi nilipuliza, na Mwalimu Mutua alipampu mpaka mwisho bila kusimama. Hata yule wa bati alinyamaza, au labda alikwenda kunywa chai. Mwalimu alivua miwani. "Sasa umepata," akasema. "Umeitoa wapi?" Nikasema nimejizoeza. Nilitoka nje nikamwaga mate ya tarumbeta kwenye mtaro. Ndivyo ilivyokuwa: baba yangu alipoteza kazi, mimi nikapata kasi. Hakuna methali niliyofundishwa ambayo ingenisaidia hapo.

Hofu kubwa zaidi ilikuwa nyumbani. Kila jioni baba alitaka kusikia nimefikia wapi. Alikaa kwenye kiti chake, akifumba macho, na ilikuwa inajulikana nyumbani mwetu, ulikuwa utani wetu, kwamba mimi huchukua kasi kutoka kwenye miguu yake. "Mimi ndiye saa ya huyu mtoto," aliwaambia wageni. Sasa ningepuliza polepole mbele yake angejitambua. Angejua kwamba najua. Kwa hiyo nilikuwa na konseto mbili. Ya Kariobangi ilikuwa ya kweli, ya Mowlem ilikuwa ya uongo, ya mbio, na baba akimaliza kuisikiliza aliitikia kwa kichwa akasema, "Hivyo hivyo. Mwendo wa mtu anayeenda mahali." Nilitamani ardhi ipasuke. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakumwona baba yangu. Njia yake ilikuwa ndefu, na aliitembea kila siku kwenda na kurudi, na akafika nyumbani saa ile ile aliyofika siku zote, akilalamika juu ya msimamizi wake. Alimtungia hata visa vipya yule msimamizi. Mama alicheka navyo. Kila asubuhi alimfungia mkebe wake, maharagwe, mboga, viazi, na kila jioni mkebe ulirudi mtupu. Mwisho wa mwezi baba alimpa bahasha kama kawaida, nadhani ilitoka kwenye kile kidogo alicholipwa alipoachishwa kazi. Krismasi tulikula kuku.

Matokeo ya mtihani yalitoka, nikawa nimefaulu vya kutosha kuitwa kwenye yale majaribio, Jumamosi ya pili ya Januari, katika ukumbi mmoja mjini. Nilitumaini baba angesema yuko kazini. Ningepuliza vizuri, mama asingejua tofauti, na mambo yangekwisha. Ijumaa jioni akasema, "Nimeomba ruhusa. Nakuja." Mama akafurahi akamnyooshea shati jeupe. Sikulala usiku ule. Nilifikiri: nikipuliza kwa mbio, nitaipoteza nafasi, na baba atakuwa salama. Nikipuliza polepole, nitaipata labda, na ataisikia miguu yake mwenyewe mbele ya mkewe na watu wasiomjua. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilimwomba Mungu aniletee homa.

Homa haikuja. Ukumbi ulikuwa mkubwa, una piano halisi, nyeusi, na Mwalimu Mutua alipoigusa alicheka peke yake kwa furaha. Meza ya waamuzi ilikuwa na watu watatu, lakini aliyesema alikuwa mmoja, mama mrefu mwenye mvi, mwalimu wa muziki wa shule yenyewe. Wazazi walikaa kwenye viti vya nyuma. Msichana aliyenitangulia alipiga fidla na viatu vyake viling'aa. Nilipoitwa, Mwalimu Mutua alianza ile sehemu ya okestra, na kwenye konseto okestra ndiyo huweka kasi, kwa hiyo nilikuwa na mistari minne ya kuamua kama nitamfuata au nitamvuta. Nilimtazama baba. Alikuwa amefumba macho kama nyumbani. Nikavuta pumzi. Na mwili wangu uliamua kabla yangu. Midomo ilikaza, noti ikatoka, na miguu iliyotembea ndani yake ilikuwa ile iliyokuwa ikipitwa na watu wote. Nilipuliza mpaka mwisho nikitazama sakafu. Nilipoinua macho, baba alikuwa ameyafumbua yake. Hakuwa ameghadhibika. Alikuwa ameshika mshipi wake mahali pale ufunguo ulipokuwa ukining'inia.

Ningeweza kuishia hapo. Mama hakujua lolote. Kwake ulikuwa wimbo mzuri tu wa polepole. Lakini yale maswali matatu yalikuwa bado. Mwalimu yule mwenye mvi aliuliza kwa Kiingereza, na mama yangu hakujua Kiingereza zaidi ya salamu. Kasi? Nikajibu kwa Kiingereza, andante, mwendo wa kutembea. Ufunguo? Nikajibu, mdogo. Hisia? Kwa swali hilo Mwalimu Mutua alikuwa amenikaririsha neno moja la Kiingereza lenye maana ya huzuni, na nilikuwa nalo mdomoni tayari. Sikuweza kulitoa. Halikuwa kweli. Huzuni hukaa chini ikalia; huu wimbo haukuwa umekaa. Nilitafuta Kiingereza cha jambo nililotaka kusema, na Kiingereza changu cha darasa la nane kiliniishia. Mwamuzi akasubiri. Kalamu yake ilikuwa hewani. Nikauliza kama naweza kujibu kwa Kiswahili, akatikisa kichwa kukubali.

"Si huzuni," nikasema. "Ni mtu anayetembea ili watu wa nyumbani wafikiri kuna mahali anaenda."

Ukumbi una tabia ya kubeba sauti. Sikumtazama mama, lakini nilisikia kiti chake kikilia. Mwamuzi hakuandika mara moja. Alinitazama, kisha akatazama nyuma, kwenye viti vya wazazi, kisha akainama akaandika kwa muda mrefu. Aliniambia asante, naweza kwenda.

Tulirudi kwa miguu, sote watatu. Mwalimu Mutua alibaki mjini kwa kisingizio cha kuonana na mtu. Alikuwa mtu mwenye adabu. Jua la Januari lilikuwa kali. Mama ndiye aliyeanza kuongea, bila kugeuza kichwa.

"Tangu lini, Baba Nekesa?"

"Hii ni wiki ya tano. Inaisha leo."

Tukapita kituo cha mafuta. Nilitegemea kelele. Mama alijua kupiga kelele, ua mzima ungeshuhudia. "Na hiyo chakula nakufungia kila siku," akauliza, "unakuliaga wapi?"

"Kariokor. Kwa wale wakata akala. Wananipatia stuli."

Nadhani ile stuli ndiyo iliyomvunja. Mama alisimama katikati ya njia, akafunika uso kwa leso yake, watu wakatupita pande zote mbili. Kisha akaupokonya mkono wa baba kama anayempokonya mtoto kisu, akaushika, na hivyo ndivyo tulivyotembea mpaka Mowlem. Sikuwahi kuwaona wameshikana mikono kabla ya siku hiyo. Mimi nilitembea nyuma na sanduku la tarumbeta. Karibu na nyumbani baba aligeuka, na mwili wangu wote ukajiandaa. Akasema, "Ile noti ya mwisho. Uliikata mapema." Hilo la ukumbini hakuligusa kwa miaka mingi.

Nafasi niliipata. Barua ilikuja na muhuri mwekundu, mama akaipeleka kanisani kuombewa, na shangazi wa Webuye akatafuta mtu mwingine wa kupima sukari. Baba naye, kwa kuwa siri haikuwa siri tena, alianza kwenda Kariokor mchana kweupe, na ile stuli ikawa kazi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alikata akala mpaka macho yakamshinda. Lakini mimi nilipanda gari la shule nikiwa na jambo lililonikaa kooni, na limenikaa kwa miaka zaidi ya ishirini. Nilikuwa nimesema kweli, sawa. Lakini niliisema kwa sababu ni kweli, au kwa sababu nilihisi kwamba jibu kama lile lingewapita wasichana wote wenye viatu vinavyong'aa? Kalamu ilikuwa hewani, na mimi niliiona. Nilimvua nguo baba yangu mbele ya watu, nikalipwa.

Siku hizi naishi Umoja, si mbali na ule ua, na Jumamosi nafundisha watoto kupuliza sebuleni kwangu. Watu hawatembei tena alfajiri kwa mamia kama zamani, au labda ni mimi ninayeamka nimechelewa. Kasi imekuwa jambo rahisi. Kila mtoto anayo kwenye simu. Anabonyeza, simu inagonga tik, tik, tik, haichoki, haipunguzwi kazini. Wanapiga sawasawa kuliko nilivyopiga mimi umri wao, na mara nyingi nasikiliza mpaka mwisho bila kujua ni nani anayetembea humo ndani. Baba huja kwangu kutoka Bungoma, walikorudi yeye na mama, kila baada ya miezi michache kuonana na daktari wa macho. Mama hukataa kuja. Ana ng'ombe wake wawili Bungoma na hataki kusikia habari za Nairobi. Safari moja, tukiwa mezani wawili tu, nilijikaza nikamwomba msamaha kwa siku ile ya ukumbini. Aliendelea kutafuna. "Nilijua unajua," akasema. "Nyumbani ulikuwa unapuliza haraka, lakini unavuta pumzi mahali mtu wa haraka hana nafasi ya kuvuta. Nikasema huyu ana mwendo mwingine anauficha. Mimi mwenyewe sikuweza kumwambia mama yako. Nilikuja ukumbini ndio uniseme mbele yake."

Sijui kama ni kweli. Huenda ni baba tu anayemtua mtoto wake mzigo. Mtu aliyeweza kutembea wiki tano kwenda mahali pasipokuwapo, ili sisi tule kwa amani, anaweza kusema lolote kwa upendo. Nimeamua kutomuuliza tena.

Jumamosi iliyopita alikuwa kwangu. Nilikuwa na msichana mmoja wa darasa la saba, hodari, anahangaika na sehemu ya kati ya konseto ile ile, simu yake ikigonga mezani. Baba alitoka chumbani kwenda nje kuota jua, akapita kwenye kibaraza cha saruji kwa akala zake, fimbo mkononi. Pa. Pa. Pa. Msichana alishusha tarumbeta, amekereka. "Ticha, huyo mzee ananichanganya. Ako slow kuliko simu."

Nikamwambia azime simu, amfuate mzee.

Alinitazama kama nimechanganyikiwa, lakini akazima. Akasikiliza hatua mbili, tatu, akavuta pumzi, akaingia. Baba hakugeuka. Alifika mwisho wa kibaraza, akasimama kidogo pale kana kwamba amesahau kitu, kisha akarudi, akaanza tena kutembea, ili mtoto asikose mapigo.